Kitabu cha Idi kitoke kabatini kabla ya mwezi kuandama

Wazazi wenzangu, walimu wa chuoni, yaani madrasa, na walimu wa chekechea, asalaam aleikum, na kwa wenye salamu nyingine, hamjambo nyote.

Tumeitana kuzungumza juu ya vitabu vya picha vya sikukuu, vile vya kusomewa watoto wa miaka 2 hadi 8 nyumbani msimu unapokaribia. Nitakaa zaidi kwenye Ramadhani na Idi, maana ndio msimu mrefu wa mji huu. Krismasi na Maulidi nitazipitia, na Diwali kidogo. Na kwa kuwa vya dukani vinavyofanana na maisha ya Mombasa ni haba, maneno yangu mengi yatakuwa juu ya kutengeneza kimoja wenyewe kwa karatasi nne, sindano na uzi.

Tuanze na wakati. Watu wengi hununua kitabu cha Idi siku ya kununua viatu, wakakifungua asubuhi ya Idi. Hapo kimechelewa. Mtoto ana kanzu mpya, ana mkono wa Idi mfukoni, binamu zake wako mlangoni wamwita. Nani atakaa kusikiliza? Kazi ya kitabu cha sikukuu ni kumpa mtoto habari mapema: nini kitatokea, kwa mpangilio gani, na yeye atafanya nini. Kisomwe kabla, basi sikukuu ikija mtoto aitambue kurasa kwa kurasa.

Kalenda ya wazee wetu inarahisisha hesabu. Kitabu cha Ramadhani na Idi ndogo kitolewe nusu ya Shaabani. Cha Idi ya kuchinja kitoke mwezi mosi Mfungo tatu, yaani siku ya kwanza ya Dhulhija, maana Idi yenyewe ni tarehe 10. Cha Maulidi kitoke Mfungo sita, yaani Rabiulawal, unapoandama, kabla ya tarehe 12. Cha Krismasi, wiki ya kwanza ya Disemba. Baada ya sikukuu kirudi kabatini. Kikibaki mezani mwaka mzima, mtoto hukizoea, na mwakani hakitamshitua hata kidogo.

Hapo hapo kuna mtego. Mwaka wa mwezi una siku kama 354, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 10 au 11, kwa hiyo Ramadhani hurudi nyuma kila mwaka na huzunguka misimu yote kwa miaka kama 33. Mwaka 2030 utakuwa na miandamo miwili ya Ramadhani, mmoja Januari na mwingine Disemba. Ukichora mvua ya masika kwenye ukurasa wa futari, au ukajaza sinia maembe kwa kuwa mwaka huu sokoni Kongowea yamejaa, baada ya miaka michache mtoto atakuuliza mbona kitabu chasema uongo. Chora visivyofuata hali ya hewa: tende, kawa juu ya sinia, taa ya msikitini, mwezi. Saa ya kufungua haina taabu kwetu. Mwaka mzima Magharibi ya Mombasa huingia kati ya saa kumi na mbili jioni na saa kumi na mbili na dakika 45. Vitabu vya Uingereza humwonyesha mtoto akilala kabla ya futari, na kwao ni kweli, maana London mwezi wa Juni jua huzama baada ya saa tatu usiku. Kwetu picha ile humchanganya mtoto bure. Msomee kama habari za watu wa mbali, na umwambie hivyo.

Ukurasa unaoharibika kuliko zote ni wa mwezi. Mchoraji huuweka mwezi mwandamo juu ya bahari, Ngome (Fort Jesus) kando yake, kwa kuwa ndiyo picha tamu ya Mombasa. Bahari yetu iko mashariki. Mwezi mwandamo hutazamwa magharibi, jua likishazama, chini karibu na upeo, na mara nyingi kabla ya Isha umeshatua. Kwa aliye kisiwani, huo ni upande wa Kilindini na Changamwe. Mtoto aliyefundishwa na picha atakimbilia ukingo wa bahari wa Mama Ngina kuutafuta mawimbini, na atarudi hakuuona.

Kosa la pili ni umbo. Katika vitabu vya Ulaya mwezi mchanga husimama wima, ncha zake zikitazama kando. Sisi tuko digrii 4 tu kusini ya ikweta, na mwezi mchanga wetu hulala chali, ncha juu, kama dau majini. Huinama kidogo upande huu au ule kwa kufuata wakati wa mwaka, lakini wima hausimami. Na kosa la tatu ni ile nyota inayopachikwa kati ya ncha mbili. Pale si patupu, ni mwili wa mwezi wenyewe usioangazwa, wala nyota haionekani kupitia humo. Iwekwe nje. Bendera na makopo ya biskuti yana ruhusa yake. Ukurasa wa kumtoa mtoto nje akatazame mwenyewe hauna.

Sasa tukitengeneze. Karatasi nne za A4 zikikunjwa pamoja katikati hutoa kurasa 16 za A5, na 16 zatosha. Kabla ya kuchora chochote, kunja karatasi nne mbovu, ziandike namba za kurasa kwa penseli, kisha zitenganishe uone. Karatasi ya nje ina kurasa za 1, 2, 15 na 16. Inayofuata ina 3, 4, 13 na 14. Ya tatu 5, 6, 11 na 12. Ya ndani kabisa 7, 8, 9 na 10. Wengi huchora karatasi moja moja kwa mfuatano wa hadithi, wakija kushona hukuta asubuhi ya Idi imetangulia daku. Tena ona kwamba ni kurasa za 8 na 9 pekee zilizo kwenye karatasi moja isiyokatwa na mkunjo wa nyingine. Picha moja kubwa ya kutandaa kurasa mbili ikae hapo, na isiwe na uso wa mtu katikati, maana uzi utapita juu ya pua yake.

Mpango unaokwenda vizuri ni huu. Ukurasa wa 1 jina la kitabu na jina la mtoto. Wa 2 na 3, watu darini wakiutafuta mwezi. Wa 4 na 5, daku, na ngoma ya waamshaji ikipita kichochoroni. Wa 6 na 7, kazi za alasiri jikoni. Wa 8 na 9, mkeka wa futari wote. Wa 10 na 11, sahani inayokwenda kwa jirani na inayorudi, maana sahani ya jirani hairudi tupu. Wa 12 na 13, fitri, ile sadaka ya chakula ya Idi, inapimwa, pishi kwa kila mtu wa nyumba, na hina inapakwa usiku. Wa 14 na 15, asubuhi ya Idi. Wa 16 uachwe mweupe, nitaurudia.

Mpangilio usipinduliwe. Fitri hutolewa kabla ya sala ya Idi, kwa hiyo haiwezi kuchorwa baada ya kutoka uwanjani. Katika Idi ndogo ni sunna kula tende kabla ya kwenda kusali. Katika Idi ya kuchinja ni sunna kungoja hadi baada ya sala. Ndiyo sababu kitabu kimoja hakiwezi kubeba Idi zote mbili, ingawa ni jambo la kuvutia kuokoa karatasi. Mtoto wa miaka 5 hulishika hilo upesi kuliko mkubwa, na akikuta kitabu kimekosea atatangaza mbele ya wageni.

Kurasa za jikoni ndizo za kuchora kwa utulivu. Tuseme ni kaimati. Vikombe 2 vya unga wa ngano, kijiko kimoja cha chai cha hamira, sukari kiasi cha vidole vitatu, maji ya uvuguvugu kama kikombe kimoja na robo, au mtindi na maji kwa wanaopenda. Unga huumuka dakika 45 hadi saa nzima. Siku ya joto la kaskazi huwahi zaidi. Kando, shira: sukari vikombe 2, maji kikombe 1, iliki tatu nne zilizotwangwa, ikichemka hadi ianze kunata vidoleni. Hayo yote hayaandikwi ukurasani. Mtoto huonyeshwa picha nne tu: bakuli lenye unga uliojaa mapovu, mkono unaominya unga ukatokeza donge juu ya ngumi, karai lenye vidonge vinavyoelea, na sinia linalong'aa kwa shira. Vipimo viandikwe kwa herufi ndogo nyuma ya jalada, kwa ajili ya mkubwa. Na aliye jikoni ajue: unga ukiwa majimaji, kaimati hutoka na mikia, mafuta yakiwa makali, nje huwa nyekundu na ndani mbichi. Zenye mikia zichorwe pia. Watoto huzipenda kuliko zilizo duara.

Angalieni mtoto amewekwa wapi katika picha hiyo. Mtoto husoma picha kama ruhusa. Ukimchora amesimama karibu na karai, kesho alasiri utamkuta hapo hapo. Mchore anatwanga iliki kwenye kinu kidogo, au anahesabu kaimati zilizopoa na kuzigawa kwenye sahani, na hiyo ndiyo iwe kazi yake kweli siku ile. Kila ukurasa uwe na mtoto, na mtoto awe na kazi: kushika tochi kwenye ukurasa wa mwezi, kufunika sahani kwa kawa, kukung'uta mkeka, kupanga viatu mlangoni. Chora pia kutoka kimo chake. Kwa mtoto wa miaka 3 meza ni upande wa chini wa meza, na bibi ni mikono na leso. Vitabu vingi vimechorwa kutoka kimo cha mpiga picha wa harusi, na mtoto hajioni mle.

Maneno yawe machache. Kwa miaka 2 na 3, maneno matano hadi manane kwa ukurasa. Kwa miaka 4 hadi 6, sentensi moja au mbili. Neno la Kiswahili hubeba mengi, kwa hiyo mstari wenye maneno sita unaweza kuujaza ukurasa wote. Andika kwa herufi kubwa, za kimo cha sentimita moja, na uache picha ipumue. Maneno yawe kama yasemwavyo nyumbani. Mawaidha yaachiwe mkubwa ayaseme kwa mdomo pale yanapohitajika. Ukurasa ukianza kuhubiri, mtoto huufungua haraka ule wa mbele.

Jambo moja la adabu, na wengi hulisahau kwa nia njema. Kitabu cha mtoto mdogo hutafunwa, hukanyagwa, huangukia chooni. Aya na majina ya Mwenyezi Mungu yasiandikwe humo. Dua ya kufungua na takbira mtoto afundishwe kwa kusikia, mkiufikia ukurasa wake. Alama ndogo pembeni, mfano tende moja, yatosha kumkumbusha msomaji kwamba hapa husemwa dua.

Karatasi ya gramu 80, hii ya kuchapishia, inafaa kwa krayoni na penseli za rangi tu. Kalamu za felti huvuja upande wa pili, na rangi za maji huikunja ikawa mawimbi. Ukipata ya gramu 120, chukua hiyo. Jalada liwe la manila, ile karatasi nene, likatwe sentimita 30.5 kwa 21.6, kubwa kidogo kuliko A4, kwa sababu karatasi zikikunjwa pamoja zile za ndani huchomoza. Manila ukiikunja kavu kavu hupasuka mgongoni. Kwanza weka rula, pitisha ncha ya kalamu iliyokwisha wino mara mbili ili uache mfereji, kisha kunja.

Stepla iacheni. Hewa yetu ya bahari ina chumvi. Pini hushika kutu, na doa la kutu huenea ukurasa wa katikati, ule ule uliochora futari. Kushona ni kazi ya dakika kumi. Fungua kitabu katikati, toboa matundu matatu kwenye mkunjo: moja katikati kabisa, na mengine mawili sentimita 4 kutoka kila mwisho. Toboa kwa shazia au msumari mwembamba, juu ya kipande cha ndara kuukuu. Uzi wa pamba mnene, urefu kama sentimita 60. Ingia kutoka ndani kwenye tundu la katikati, uache mkia wa sentimita 8. Ukiwa nje, panda kwenye tundu la juu, ingia ndani. Shuka moja kwa moja hadi tundu la chini ukiruka la katikati, toka nje. Rudi tundu la katikati, ingia ndani. Sasa una mikia miwili ndani. Mmoja uwe kulia ya ule uzi mrefu na mwingine kushoto, kisha funga fundo mbili juu yake. Mikia yote ikiwa upande mmoja, fundo halishiki kitu na kitabu hulegea baada ya wiki. Usivute kuelekea juu ukichana tundu; vuta sambamba na mkunjo.

Gundi ya unga ni rahisi, ila ni chakula cha mende. Tumieni ya kijiti. Utepe wa plastiki nao hugeuka manjano na kuacha unato unaokamata vumbi.

Krismasi ya Mombasa ina bahati moja: tarehe yake haihami, kwa hiyo hali ya hewa inaweza kuchorwa bila hofu. Upepo ni wa kaskazi, joto ni kali, maembe yapo, na mkrismasi ule wa kwetu, mti wenyewe wa uani, umejaa maua mekundu. Nani anahitaji theluji? Lakini mtoto atakutana na theluji katika vitabu, kadi na mapambo ya maduka, hivyo afafanuliwe kwamba kaskazini mwa dunia Disemba ni majira ya baridi. Kitabu cha nyumbani kichore ibada ya mkesha, chapati zikisukumwa, pilau, nguo mpya, safari ya kwenda kwa babu Rabai au Kaloleni, au ufukwe wa umma wa Jomo Kenyatta ukiwa umefurika. Kwa familia zinazopanda bara, wekeni kurasa mbili za safari, maana kwa mtoto garimoshi au basi huenda ndiyo Krismasi yenyewe.

Maulidi ina mpaka wake: Mtume hachorwi, wala masahaba. Chora wanaosoma na wanaosikiliza, matari, mrashi wa marashi, chetezo cha udi, sinia la halua na vikombe vya kahawa. Ni kitabu cha harufu na sauti, kurasa 8 zatosha. Mkristo naye hori la Bethlehemu atalichora bila tabu. Kwa Diwali, taa na mapambo ya sakafuni penye kizingiti, na muulizeni jirani kabla ya kuchora.

Walimu wa chekechea mna mtihani wa ziada, darasa lina watoto wa kila upande. Msikusanye sikukuu zote katika kitabu kimoja, ukurasa kwa kila dini. Kinachotokea ni watoto kuhesabu nani kapata picha nzuri. Tengenezeni vijitabu vyembamba, kimoja kwa kila sikukuu, vya kurasa 8, na kila kimoja kitoke kwa wakati wake. Mzazi wa sikukuu hiyo akikague kwanza. Hadithi nyingine za Kiswahili za kupakua bure zipo katika mradi wa African Storybook, na leseni zake nyingi zinaruhusu kubadili maneno ili mradi utaje walioandika.

Kusoma kwenyewe kusizidi dakika kumi. Siku ya kwanza pitia chote bila kuuliza maswali. Siku zinazofuata simama kabla ya kufunua, umwache aseme kinachokuja. Akishakijua kwa moyo, mwache asome yeye, hata kama kitabu amekishika juu chini. Jioni ya tarehe 29 Shaabani soma ukurasa wa mwezi peke yake, kisha tokeni nje mtazame magharibi. Usipoonekana, mtoto ameshajifunza kungoja siku moja, na kesho yake mnausoma tena.

Ule ukurasa wa 16 mweupe ni wa mwaka huu. Baada ya Idi mtoto achore kitu kimoja alichokifanya, na mkubwa aandike chini yake mwaka na maneno yake kama alivyoyatamka, bila kuyasahihisha. Ndani ya jalada la nyuma bandika bahasha, ili miaka inayofuata karatasi mpya ziingie humo. Picha za kamera zinazochapishwa nyumbani kwa printa ya wino wa kurusha hufifia na kuchuruzika kwa unyevu. Kama unataka sura ya babu, ichapishe studio, uitie bahasha ile ile.

Kukihifadhi, tumia boksi la plastiki lenye kifuniko, mbali na ukuta wa nje, na ndani utie vile vifuko vidogo vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya. Msikifukize udi, harufu ni nzuri, lakini moshi hugeuza karatasi kahawia. Kikionyesha madoa ya ukungu, kianike kivulini penye upepo kikiwa wazi, kisha kipangusweni kwa brashi kavu nje ya nyumba. Kitambaa chenye maji huuzamisha ukungu ndani ya karatasi. Ukurasa uliochanika, pakaza gundi kidogo kwenye kingo zenyewe na kipande cha karatasi nyembamba nyuma, kisha weka kitabu kizito juu hadi kesho.

Karatasi, manila na sindano ziko kwenye meza ya mlangoni. Kila mmoja achukue karatasi nne mbovu za kuandikia namba kwanza, na nzuri nne. Walioleta watoto, waacheni wachague wenyewe rangi ya jalada.